Kitabu cha Toba: Neno juu ya Maungamo ya Augustino

Mwalimu atakaye kuandika kitabu cha toba kwa Kiswahili hukutana kwanza na maneno matatu: majuto, maungamo, na toba. Majuto ni uchungu wa moyo. Maungamo ni kazi ya kinywa. Toba, neno tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni kurudi. Kwa kipimo hicho twapenda kukipima kitabu kilicho mashuhuri kupita vyote vya namna hii, yaani Maungamo ya Augustino, alichokiandika kwa Kilatini kati ya miaka 397 na 400 hivi, alipokuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini.

Sifa yake kubwa ni hii: mwandishi husema na Mungu, nasi twasikiliza kando, na mbele yake ajuaye yote kujisifu hakufai kitu. Atuambia jinsi alivyoiba matunda pamoja na wenzake, naye ana miaka 16. Hakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Basi ajiuliza sababu, wala haachi mpaka aone ya kuwa aliupenda uovu wenyewe. Huku ndiko kuchimba mzizi.

Lakini yuko mwanamke aliyekaa naye miaka mingi, akamzalia mwana, Adeodatus. Huko Milan aliondolewa ili Augustino aoe mke wa ndoa. Akarudi Afrika, ameweka nadhiri ya kutomjua mume mwingine, na mtoto akamwacha kwa babaye. Augustino halifichi jambo hili; asema moyo wake ulichanika. Walakini jeraha aliandikalo ni lake mwenyewe. Matunda yamepewa maneno mengi, mwanamke machache, wala jina hatajwi. Wako watakaosema kwamba alimsitiri. Na iwe hivyo. Hatuulizi jina, twauliza deni. Zakayo alipotubu aliwapa maskini nusu ya mali yake, akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Basi ndugu atakayeshika kalamu na ajifunze kwa Augustino kuchimba, na kwa Zakayo kulipa. Maana wasomaji wetu wanakaa vijijini, na huko aliyemwibia jirani mbuzi aweza kulia kanisani kila Jumapili, na jirani asimwone mbuzi wake. Kitabu kisichomkumbuka jirani huyo kimefundisha majuto tu, toba hakijaifikia.