Saa Isiyojua Saa Mbili: Tahakiki ya Saa Janja Bujumbura

Kila inapokaribia Septemba, mwezi ambao kampuni ya Apple imezoea kuonyesha bidhaa zake mpya, waandishi wa teknolojia huanza kutoa orodha za mambo ambayo watumiaji wanayataka katika saa janja za kizazi kijacho. Kioo kiwe angavu zaidi, umbo liwe jembamba zaidi, kiongezwe kipimo kingine kimoja cha mwili. Nimekuwa nikizisoma orodha hizo kwa Kifaransa na Kiingereza, na neno linalonisumbua ndani yake ni hilo la "watumiaji". Mtumiaji wanayemfikiria ana umeme kando ya kitanda kila usiku, ana daktari wake, na anapotembea kwa miguu hutembea kwa hiari. Katika madarasa ya fasihi tunafundishwa kuuliza: msimulizi huyu anazungumza na nani? Nadhani swali hilohilo linafaa kuulizwa kuhusu kifaa. Saa janja nayo ina msomaji iliyemkusudia, na ninadai kwamba msomaji huyo haishi Buyenzi.

Huenda mtu akauliza kama Bujumbura ina saa janja za kutosha kuandikiwa tahakiki. Zipo. Zile za bei kubwa huletwa na ndugu walioko Ubelgiji, Kanada au nchi za Ghuba. Zile za bei nafuu, ambazo aghalabu hazina jina linaloeleweka, zinauzwa madukani na kwa vijana wanaozitembeza barabarani wakiwa wamezivaa tano tano mkononi. Kwa ajili ya makala hii nimezungumza na watu wapatao kumi na tano: wanafunzi wenzangu, muuguzi, madereva wawili, kijana anayefanya mazoezi ya mbio, na fundi saa mmoja wa Buyenzi. Huo si utafiti wa kisayansi na sitatoa asilimia. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeomba kioo angavu.

Kuhusu betri sitakaa sana, kwa sababu kila mtu aliitaja na kila mtu anaijua sababu. Apple ilipotoa saa yake ya kwanza mwaka 2015 ilitangaza saa 18 za matumizi kwa chaji moja, na matoleo mengi yaliyofuata yalirudia idadi hiyohiyo. Umeme unapokatika Jumatatu jioni ukarudi Jumatano, saa ya namna hiyo inageuka bangili. La kushangaza ni kwamba hitaji hili si geni wala si letu peke yetu. Mwaka 2012 kampuni changa ya Pebble iliomba fedha kwa umma kupitia Kickstarter, ikachangiwa zaidi ya dola milioni 10, kwa saa yenye kioo kinachofanana na karatasi na betri ya kudumu siku kadhaa. Watumiaji walikuwa wamekwisha kusema wanachotaka, tena kwa fedha zao. Mwishoni mwa 2016 kampuni hiyo ilifunga milango, na sehemu kubwa ya mali yake ikachukuliwa na Fitbit. Fundi wa Buyenzi yeye huvaa Casio F-91W, saa iliyotoka mwaka 1989, ambayo betri yake hudumu miaka saba hivi. Nilipomuuliza kwa nini yeye mwenye ufundi havai saa janja, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hanywi petroli.

Nimetaja petroli, basi niseme jambo la hatua. Saa nyingi huja na lengo la hatua 10,000 kwa siku, na watu huamini ni amri ya madaktari. Asili yake ni biashara. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni moja ya Japani iliuza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilipendeza, ikabaki. Sasa fikiria jiji letu. Machi 2022 pikipiki na baiskeli za abiria zilikatazwa kuingia katikati ya mji, na mafuta yanapoadimika foleni ya basi jioni huwa ndefu kuliko subira ya wanaosimama. Mwanafunzi mwenzangu anayekaa Kinama alitembea hadi nyumbani siku nne mfululizo, na kila jioni saa yake ilitetemeka na kumrushia fataki kwenye kioo: hongera, umetimiza lengo. Siku ya nne aliivua. Hakuwa na hasira na namba, ilikuwa sahihi. Alichokasirikia ni pongezi. Kifaa kinachohesabu uchovu wa mtu na kuuita mafanikio kinahitaji, kwa uchache, kumwachia mwenyewe aamue hatua zake zina maana gani.

Hayo ni kero. Yanayofuata ni ya hatari zaidi.

Baba yangu mdogo ana presha. Alinunua saa ya bei nafuu inayodai kupima shinikizo la damu kwa mwanga tu, bila kubana mkono, na kila asubuhi ilimpa namba nzuri: 118 kwa 76, 121 kwa 79. Kituo cha afya kiko mbali, nauli imepanda, na saa inasema yu mzima. Akaacha kwenda kupimwa, kisha akaanza kumeza dawa siku moja na kuruka siku moja. Nilipomtembelea nilimwomba ile saa nikaifunga kwenye ndizi mbivu iliyokuwa mezani. Taa ya kijani ikawaka, ikafikiri kidogo, ikatoa jibu: mapigo 72, shinikizo 119 kwa 78.

"Baba mdogo, hii ni ndizi."

"Basi ndizi ina afya kuliko mimi, mwanangu," akasema, akacheka. Kisha akanyamaza. Wiki ileile alikwenda kupimwa kwa kile kifaa cha kubana mkono, na namba ya juu ilikuwa 168.

Ndizi haina moyo, lakini inarudisha mwanga, na programu ya saa ile imetengenezwa ili itoe jibu kwa mwanga wowote unaorudi. Msamiati wake hauna neno "sijui". Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote, na ni kasoro ya lugha kabla ya kuwa ya ufundi. Mpimaji mwaminifu husema pia asichoweza kukipima. Hata Samsung, ambayo saa zake hupima shinikizo la damu katika baadhi ya nchi, humtaka mtumiaji azisawazishe kwa kifaa cha kubana mkono kila baada ya wiki nne. Na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Onyo hilo halikumfikia yule kijana wa barabarani mwenye saa tano mkononi, wala wateja wake.

Je, saa za bei kubwa zinatusoma vizuri sisi wenye ngozi nyeusi? Wenzangu wengi wana hakika kwamba hapana. Mimi nadhani jibu lina pande mbili. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa vipima oksijeni vya hospitali nchini Marekani: upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulijitokeza kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 kwa weupe. Hiyo ni tofauti ya karibu mara tatu, katika vifaa ambavyo madaktari huvitegemea. Lakini mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walijaribu saa kadhaa kwa kipimo cha mapigo ya moyo, na hawakupata tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi; kosa liliongezeka zaidi mtu alipokuwa akijongea. Kwa hiyo si haki kusema kila taa ya saa inatubagua. Haki ni kudai kwamba kila kampuni ieleze kwenye kasha kipimo chake kilijaribiwa kwa watu gani. Dawa huandikwa hivyo.

Matengenezo niyapite haraka. Fundi alinionyesha saa janja tatu zilizokufa betri, akazigeuza kutafuta skrubu. "Hii haina mlango," alisema. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027, ingawa imeacha nafasi kwa vifaa vinavyotumika majini, na sishangai kampuni za saa zikipitia hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulikuta katika orodha hata moja, nalo ndilo kazi ya kwanza ya saa: kutaja saa. Hapa Bujumbura jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, na saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Ndivyo Kiswahili kinavyohesabu, ndivyo Kirundi kinavyohesabu, na Waethiopia nao huhesabu hivyo. Ofisini tunasema Kifaransa, huit heures. Tukitoka nje ya mlango ni saa mbili. Saa ya mishale haikuwahi kutusumbua. Akrabu fupi ikielekea 8, macho huenda upande wa pili wa duara na kukuta 2. Bibi yangu hakusoma shule, lakini alisoma mkia wa mshale bila kukosea. Saa ya tarakimu iliondoa ule upande wa pili. Imebaki 08:00, na mtu lazima atoe sita kichwani.

Mtu atasema hilo ni jambo dogo. Muuguzi niliyezungumza naye halioni dogo. Mgonjwa anaambiwa ameze kidonge saa mbili, mwanawe anatega kengele ya saa ya mkononi 2:00, na mama anaamshwa saa nane usiku. Katika saa niliyoazima ili kuandika makala hii, orodha ya lugha ilikuwa ndefu kiasi cha kuchosha kidole, na Kiswahili hakimo. Lugha iliyopewa siku yake na UNESCO mwaka 2021, tarehe 7 Julai, bado haijapewa saa. Na hata Kiswahili kikiongezwa, nahofia watatafsiri vitufe na kuacha 08:00 ilivyo, kama ambavyo simu nyingi zenye Kiswahili hufanya. Kutafsiri vitufe ni rahisi. Kazi ni kukubali kwamba siku ya mtu mwingine inaanzia pengine.

Yule muuguzi amejitafutia njia. Saa nyingi huruhusu kuonyesha wakati wa mji wa pili, naye amechagua La Paz, Bolivia, ambako wakati uko nyuma yetu kwa saa sita kamili na haubadilishwi kwa majira. Bujumbura ikiwa saa mbili asubuhi, La Paz ni 2:00. Ikiwa saa nane mchana, La Paz ni 8:00. Inabidi tu azoee kuiona saa nane ya mchana ikiandikwa AM, na baada ya usiku wa manane asiitazame tarehe, kwa kuwa huko bado ni jana. Kengele nazo zinafuata Bujumbura, kwa hiyo dawa za wagonjwa wake bado anaziandika kwenye karatasi.