Kibao cha mbuzi na mashine ya sokoni: ipi imebuniwa vizuri?

Ukipita sokoni Kibaha au Kisarawe utakuta kijana na mashine ya umeme ya kukunia nazi. Kizio kimoja, sekunde chache, kimekwisha. Nyumbani, kwa mbuzi, hapo bado unatoka jasho. Basi mashine imeshinda? Kwa kasi, ndiyo. Kwa ubunifu, bado sana.

Hebu itazame mbuzi vizuri. Mbao mbili zilizopishana, zinakunjika, mbele ulimi wa chuma wenye meno. Haifungwi mezani kwa skrubu wala nini. Anayekuna ndiye uzito: ukikaa, kilo zako 60 zinaikandamiza chini, na mikono yote miwili inabaki huru kuzungusha nazi. Meno yamepangwa kwa upinde, yafuate mviringo wa kifuu kwa ndani. Kubwa kuliko yote, chuma kimetulia na nazi ndiyo inayotembea. Mkono ukisita, kazi nzima imesimama.

Mashine imechukua meno, akili hiyo ikaiacha. Piga hesabu. Mota ya kawaida ya nguzo nne, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika, yaani mara 23 kwa sekunde. Mtu hushtuka na kuvuta mkono baada ya kama robo sekunde. Nazi ikiteleza (na nazi ina mafuta, itateleza tu), meno yameshapita kidoleni mara 5 au 6 kabla hujajua. Swichi iko wapi? Kwa nyingi nilizoziona, ukutani, nyuma ya kijana.

Sisemi mbuzi haina kasoro. Iko chini mno, mgongo na magoti ya bibi yanajua. Ukiiacha wazi na watoto wanakimbia, ni balaa. Ila kosa lake unaliona kwa macho. La mashine limejificha kwenye kasi.

Na dawa yake si ghali. Cherehani ya umeme ina pedali: ukiinua mguu, inakata moto. Ikiwekwa hapa, pamoja na breki ya kusimamisha mota haraka na bangili ya chuma kuzunguka meno, yenye nafasi ya kizio tu, kijana anabaki na kasi yake na vidole vyake kumi. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza bangili hiyo mchana mmoja. Tatizo, anayeagiza mashine siye anayeshika nazi.