Watu 15 hawawezi kulisafisha ini lako

Kama unanyanyua vyuma, na hasa kama mazoezi yako yanaenda na vidonge au sindano, kuna utafiti mmoja ambao nina hakika umeshatumiwa kwenye simu. Hapa Kikuyu, kwenye jimu yetu ya paa la bati, yenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na ekseli ya gari, watu wanautumia kama cheti. Majibu ya maabara yakija ALT iko juu, jamaa anakwambia, "Hiyo ni misuli bwana, ini halina shida, wazungu walishapima." Wiki hii nimeusoma tena. Ni utafiti mzuri, tatizo ni kwamba umebebeshwa mzigo usio wake.

Ulichapishwa mwaka 2008 katika British Journal of Clinical Pharmacology, na mwandishi wa kwanza ni Pettersson. Walichukua wanaume 15 wenye afya, wenye shughuli za kawaida lakini ambao hawakuzoea vyuma, wakawanyanyuisha kwa saa moja tu. Kisha wakawatoa damu mara kadhaa kwa siku 7, na tena kati ya siku ya 10 na ya 12. AST na ALT, vile vimeng'enya ambavyo sote tunaviita "vya ini", vilipanda na vilikuwa bado juu hata baada ya siku 7. CK, ambayo kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye misuli, nayo ilipanda. Lakini GGT na bilirubini zilibaki kawaida.

Ukielewa seli, hakuna muujiza hapo. AST imejaa kwenye misuli, ALT nayo imo ingawa kidogo. Ukichana nyuzi za misuli kwa squat ambazo hujazizoea, vimeng'enya vinamwagika kwenye damu, na mashine ya maabara haijui vimetoka pajani au kwenye ini. Yenyewe inahesabu tu.

Ninachokipenda kwenye kazi hii ni kwamba inamtetea mtu asiye na kosa. Yalinikuta mimi. Nilipimwa siku mbili baada ya mazoezi ya miguu, ALT ikawa juu, na aliyenisomea majibu akaniuliza nakunywa bia ngapi kwa siku. Sinywi. Hakuniuliza kabisa kama nafanya mazoezi. Swali moja tu lingetuokolea fedheha wote wawili.

Sasa tuje kwenye upungufu. Kwanza, watu 15 ni wachache. Pili, na hili ndilo zito: haukuwa utafiti wa watu wanaotumia homoni. Unasema mazoezi peke yake yanaweza kupandisha vimeng'enya. Hausemi kwamba kila vilivyopanda ni mazoezi. Hizo ni sentensi mbili tofauti, na kwenye jimu zimeunganishwa kama ni moja.

Atakayebishana atakuletea Dickerman na wenzake, 1999. Ni kweli, wao walipima watunisha misuli 15 wanaotumia steroidi na 10 wasiotumia, wakawalinganisha na wagonjwa 49 wa homa ya ini. Makundi yote mawili ya watunisha misuli yalikuwa na AST, ALT na CK za juu, GGT ikiwa kawaida. Wagonjwa walikuwa na GGT ya juu pia. Ndipo ikazaliwa ile kanuni ya mtaani: GGT ikiwa sawa, endelea.

Hapa ndipo mimi na kanuni hiyo tunaachana. Steroidi za kumeza kama Dianabol na Winstrol zimebadilishwa kwenye kaboni namba 17 ili ini lisizivunje haraka. Hilo linazifanya zifanye kazi zikiwa kidonge, na ndilo linalolitesa ini. Jeraha lake la kawaida ni nyongo kukwama. Katika hali hiyo bilirubini inaweza kupaa sana, ALT ikapanda kidogo tu, na GGT wakati mwingine ikabaki kawaida kabisa. Yaani mlinzi uliyemwajiri analala usiku uleule mwizi anaokuja. Na kuna mengine, kama vifuko vya damu ndani ya ini na uvimbe, ambayo damu yako inaweza isiyaonyeshe. Yanaonekana kwa picha.

Sindano za testosteroni haziligusi ini kwa namna hiyo, hilo nakubali. Ila zinazima testosteroni yako mwenyewe, zinapunguza mbegu, zinashusha mafuta mazuri ya damu. Na sindano ikichangiwa, inaleta homa ya ini B au C, ambayo nayo inapandisha ALT.

Kuna jambo jingine ambalo Pettersson hakuwa na sababu ya kuliwaza, ila sisi wa Dodoma tunayo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyoshukiwa. Ugali ni chakula chetu, na sumukuvu inapiga ini. Kwa hiyo ALT ya mtu wa Kikuyu ina washukiwa wengi kuliko ya wale wanaume 15, na kusema "ni misuli" kabla ya kupima chochote ni kubahatisha.

Ukiniuliza ufanye nini: acha vyuma siku 10 hadi 12, kisha rudia ALT na AST pamoja na CK, GGT na bilirubini, na upime homa ya ini B. Mwambie daktari unachotumia, kwa jina lake. Ila macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au mwili ukiwasha bila upele, usisubiri siku hata moja, na vidonge uviache siku hiyohiyo.

Mimi nilirudi siku ya 12, ALT ikawa imeshuka kawaida. Jamaa yangu wa sindano, aliyenitumia utafiti huu, nilimpeleka tukapima pamoja. Bilirubini yake iko sawa. Majibu ya homa ya ini B yapo tayari tangu Jumatatu, hajaenda kuyachukua.