Uteuzi wa Filamu kama Uandishi wa Historia: Uhakiki wa Kazi ya June Givanni

Utangulizi

Makala haya yanahakiki kazi ya June Givanni, mteuzi huru wa filamu aliyezaliwa Guyana na kufanya sehemu kubwa ya kazi yake jijini London. Kiswahili hakijatulia katika istilahi ya kumtaja mtu wa kazi hii. Tukimwita mhifadhi, tunamfungia ghalani. Tukimwita mratibu wa tamasha, kazi yake inaonekana kuisha siku ya mwisho ya maonyesho. Tunatumia mteuzi kwa sababu kiini cha kazi yake ni kuamua filamu zipi zionyeshwe, zifuatane vipi na zijadiliwe na nani. Tunadai kwamba Givanni ameugeuza uteuzi kuwa njia ya kuandika historia, ingawa historia hiyo ina pengo linalotuhusu.

Kazi na falsafa yake

Mwaka 1983 Givanni alishiriki kuandaa tamasha la Third Eye chini ya Halmashauri ya London Kuu, ambayo ilivunjwa mwaka 1986. Baadaye, katika Taasisi ya Filamu ya Uingereza, aliongoza kitengo cha filamu za Afrika na Karibi, na mwaka 1993 alianzisha jarida la Black Film Bulletin pamoja na Gaylene Gould. Kongamano la London la mwaka 1995 kuhusu fikra za sinema ya Afrika lilizaa kitabu alichokihariri, Symbolic Narratives/African Cinema. Mabango, vipeperushi, barua na kanda za mazungumzo alizokusanya katika safari hiyo ndizo msingi wa makavazi yake, yenye vitu zaidi ya 10,000.

Maonyesho ya makavazi hayo mwaka 2023 yaliitwa PerAnkh, yaani nyumba ya uhai, jina la mahali ambapo waandishi wa Misri ya kale walinakili maandiko na kujifunza. Jina hilo linabeba falsafa yake: kilichohifadhiwa ni cha kutumiwa. Filamu hutuonyesha alichokitengeneza mwongozaji, ilhali kanda ya mjadala hutueleza jinsi watazamaji walivyokipokea. Kwa mtafiti wa lugha, kanda hiyo ni data.

Udhaifu

Kwanza, umajumui wa Afrika katika machapisho haya unazungumza Kiingereza. Filamu ya Kiswahili kama Fimbo ya Mnyonge, iliyotolewa Tanzania katika miaka ya 1970, inaweza kuingia katika mjadala huo kwa tafsiri tu. Kisa kitaeleweka, lakini uteuzi wa maneno, ambao katika enzi ya Ujamaa ulikuwa suala la kisiasa, utabaki nje.

Pili, mkusanyo unaotegemea mtu mmoja hufuata njia alizopita na marafiki aliowapata. Uhuru wake umempa ujasiri wa kuchagua, ila haujampa bajeti ya kudumu. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya BAFTA kwa mchango wake katika sinema ya Uingereza. Heshima hiyo anastahili, lakini tuzo hailipi kodi ya ghala.

Funzo kwa sera za ukanda wetu

Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alitafsiri filamu za kigeni kwa sauti, akizipa methali, mizaha na lafudhi za watazamaji wake. Hiyo nayo ni historia ya filamu, na ni historia ya Kiswahili. Sera inayohifadhi filamu yenyewe peke yake haiwezi kuinasa.

Tunapendekeza mambo matatu. Sheria za uwasilishaji wa nakala zijumuishe mabango, vipeperushi na kanda za mijadala pamoja na sauti za watafsiri hao. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isaidie kusanifu istilahi za uteuzi na uhifadhi wa filamu. Hatimaye, serikali zigharimie majengo na rafu, lakini ziwaachie wateuzi huru uamuzi wa kinachowekwa humo. Sharti hili la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mamlaka za filamu katika nchi zetu zimezoea kukagua kuliko kuhifadhi. Tukilipuuza, tutapata makavazi yanayotunza kile tu kilichoidhinishwa, na mtafiti wa kesho hataweza kujua watazamaji wetu walisema nini.