Raia wa Dunia Humdai Nani?

Mwaka 1997 shirika la Oxfam la Uingereza lilitoa mwongozo wa kuwafundisha watoto na vijana wa shule kuwa raia wa dunia. Mwongozo huo ulitolewa upya mwaka 2006, na tena mwaka 2015, mwaka ambao wazo lenyewe liliingizwa katika Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa (shabaha 4.7). Wenzetu wanaolea vijana wa sharika watakutana na lugha hii, kama hawajakutana nayo bado. Yafaa basi tuipime.

Kwanza tuutendee haki. Hapa mtoto haitwi tu kumhurumia maskini wa mbali na kutia sarafu katika kikapu. Maarifa, stadi na maadili vimepangwa kwa kufuata umri, na mwanafunzi anatakiwa aelewe kwa nini wengine ni maskini. Hilo ni jema, na mafundisho yetu mengi ya vijana hayajafika hapo.

Lakini tutazame neno moja. Mwongozo wa 1997 ulisema kwamba raia wa dunia hughadhibishwa na dhuluma. Ule wa 2015 wasema kwamba ana ari kubwa ya kutafuta haki katika jamii. Mtu aweza kudai kuwa tofauti ni ya lugha tu. Sisi hatudhani hivyo. Ghadhabu humtazama mtenda dhuluma. Ari hutuonyesha tu moyo wa mwenye ari. Kuhani Amazia hakumfukuza Amosi Betheli kwa sababu nabii alikuwa na ari, bali kwa sababu alimtaja mfalme.

Hapa ndipo tunapoona upungufu wa neno "raia" katika mwongozo. Paulo alipokwisha kufungwa ili apigwe mijeledi, alimwuliza akida swali moja la sheria, na jemadari akaogopa (Mdo. 22:25-29). Baadaye akakata rufani kwa Kaisari (25:11). Huo ndio uraia: kuwapo mtu ambaye hana budi kukujibu. Raia wa dunia anaambiwa sana wajibu wake; anayepaswa kumjibu haonekani. Matokeo yake, kijana mwenye uwezo huwa ndiye raia, na yule asiye nao huwa somo la raia huyo. Mwaka 2006 Vanessa Andreotti aliandika karibu na jambo hili, alipotofautisha kuwajibika kwa ajili ya mwingine, kana kwamba ni mtoto wetu, na kuwajibika mbele yake.

La kushangaza ni kwamba historia ya Oxfam yenyewe ina somo bora kuliko mwongozo wake. Mwaka 1942, Wagiriki walipokuwa wakifa njaa chini ya Wajerumani na washirika wao, huku Uingereza na wenzake wakizuia meli, watu wachache wa Oxford waliunda kamati. Waliiomba serikali yao wenyewe, katikati ya vita, iruhusu chakula kipite. Walijua mlango wa kubisha.

Miaka ya sitini shirika hilohilo lilikisaidia Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hapa Tanzania. Huko Litowa wanakijiji waliamua mambo yao katika mikutano yao, na shule yao iliwaandaa watoto kwa maisha hayo. Septemba 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Walikuwa raia wa nchi huru, tena wenye marafiki ng'ambo. Je, wangekata rufani wapi?

Mwalimu atakayeutumia mwongozo huu na aanze na habari hizi mbili, Oxford na Litowa, kabla ya kuwasomea vijana orodha ya sifa za raia. Kisha awape kazi ya kuandika barua moja kuhusu dhuluma wanayoijua, na asiipokee barua isiyo na jina la mpelekewa.