Kusikia Ndiko Kuigiza

Kati ya vijana wetu wanaopenda michezo ya kuigiza limeingia neno moja, nalo lataka kupimwa. Husema: "Mufwankolo na wenzake hawakushika kitabu mkononi. Mbona sisi tujisumbue na mazoezi?" Basi siku ya sikukuu ya parokia hupanda jukwaani na nguo za kuazima, kila mmoja na maneno yake. Watu hucheka, hupiga makofi, huenda zao, na kesho yake hakuna anayekumbuka kitu. Twaona kwamba nusu ya neno hilo ni kweli na nusu ni hasara. Kwa bahati mbaya, nusu ya hasara ndiyo wanayoishika sana.

Tuanze na iliyo kweli. Mufwankolo lilikuwa jina la jukwaani la Kyembe Kaswili, mkuu wa kikundi cha waigizaji cha Lubumbashi kilichojulikana sana redioni na kwenye televisheni. Walicheza kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha sokoni na cha kambi za wafanyakazi. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mtaalamu aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alisikia mezani, alipopewa firigisi ya kuku, msemo kwamba utawala huliwa mzima. Akawauliza waigizaji hao maana yake. Hawakutosheka na kumweleza, bali waliamua kuufanya mchezo. Wakabishana juu ya msemo wenyewe, wakapanga maonyesho moja baada ya jingine, wakagawana nafasi, wakajaribu tena na tena. Mwisho waliucheza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, ili televisheni iupige picha. Mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu chenye maneno ya mchezo huo.

Tazameni vizuri, ndugu wasomaji. Hapa kitabu kilikuja nyuma ya mchezo, lakini kazi ilikuja mbele yake. Waliyaacha maneno yawe huru, ila njia ya mchezo waliifunga: nani aingia, ataka nini, nani amkatalia, onyesho lafika wapi. Kisichoandikwa si kisichotengenezwa. Anayesema kwamba watu hao walicheza bila mazoezi amewatukana, ingawa adhani amewasifu.

Tena, kucheza bila kitabu kuna ugumu wake. Aliyeshika maneno kwa kichwa aweza kuwa kiziwi jukwaani: mwenzake aseme vizuri au vibaya, yeye angoja zamu yake tu. Asiye na kitabu hana kimbilio ila masikio yake. Jibu lake lazima litoke katika neno alilolisikia sasa hivi. Kwa hiyo twasema bila kusita: mwigizaji asiyemsikia mwenzake haigizi, ahutubia. Na sehemu kubwa ya michezo ya parokia zetu ni hotuba zilizovikwa nguo za rangi.

Sisi wa Musumba tuna hadithi inayoweza kutupima. Wazee husimulia jinsi baba yake Ruwej alivyokaa akisuka mkeka, na kando yake chombo cha maji aliyolowekea nyuzi. Maji yale yalikuwa meupe. Wanawe Chinguli na Chinyama wakaja wamelewa, wakadhani ni pombe ya mitende ambayo baba awanyima, wakamtukana na kumpiga. Ruwej akamtunza baba yake. Kwa hiyo lukano, ile bangili ya utawala, haikwenda kwa wana wa kiume bali kwake, na baadaye kwa mumewe Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka Uluba. Hapo ndipo ufalme wa Mwant Yav unapohesabu asili yake.

Mpeni kijana nafasi ya Chinguli, mwone. Yule asiye hodari huingia akiyumba, huangusha kiti, huwakonyezea watazamaji, kana kwamba awaambia: "Mimi najua kuwa ni maji, nanyi mwajua." Watu watacheka, lakini onyesho limekwisha kufa. Maana Chinguli hajui! Yeye aona pombe, ana kiu, na baba amemnyima. Mwigizaji hodari ni yule awezaye kutojua analolijua. Akiamini chombo kile kama mwenye kiu aaminivyo, watu wataacha kucheka wenyewe, kwa sababu kila mmoja ataona jinsi mtu mwenye haki machoni pake awezavyo kumpiga baba yake. Na baba naye asipige makelele mengi. Aendelee kusuka mpaka mkono utakaposhindwa. Mikono yake itasema yatoshayo.

Jambo hili si mchezo mtupu. Mara ngapi tumeona katika kumbi zetu mchimbaji wa madini arudiye kutoka Kolwezi na fedha, akaimaliza kwa pombe na wanawake, kisha akalia, na katekista akaja kumwonya? Wazazi wa mbele hufurahi. Lakini nyuma ya ukumbi husimama wachimbaji wenyewe. Wao waijua hofu ya shimo, wamjua mnunuzi wa mawe anayewapunja katika mizani, wajua kwa nini fedha ya leo hutumiwa leo. Wakimwona jukwaani mjinga ambaye hakuna mtu aliyemsikiliza, husema: "Huyo si mimi," na kweli siye. Hivyo mtu tuliyetaka kumfikia ndiye tuliyemfukuza. Mwigizaji angekwenda kwanza kuketi nao na kunyamaza, angerudi na mchimbaji mwenye uzito, na onyo lisingehitaji katekista.

Hata mchezo wa aina ya Mufwankolo una hatari zake, nasi hatuzifichi. Neno lililo huru hupenda kurefuka. Mchekeshaji akipata kicheko kimoja atafuta cha pili, na mwenzake aliyebeba kiini cha habari hubaki amesimama kama mti. Kicheko ni chumvi, na chumvi haishibishi. Kwa hiyo kila kikundi kiwe na mmoja anayekaa chini, asiyeigiza, mwenye ruhusa ya kusema: "Imetosha."

Kanisa lina mtakatifu wa kazi hii, Genesio, ambaye sikukuu yake ni tarehe 25 Agosti. Mapokeo yasimulia kwamba alikuwa mwigizaji wa Roma wakati wa Kaisari Dioklesiano, akapewa nafasi ya kudhihaki ubatizo mbele ya watu. Katikati ya dhihaka akayasikia maneno aliyokuwa akiyasema, akaamini kweli, akauawa kwa imani hiyo. Waigizaji wengine walikuwa na maneno vilevile. Yeye aliyasikia.

Basi, vijana, twawaomba haya kabla ya sikukuu ijayo. Chezeni onyesho zima mara moja bila kusema neno, mwone kama mtu wa nje afahamu. Kisha badilishaneni nafasi, Chinguli awe baba na baba awe Chinguli, ili kila mmoja aonje kipigo anachokitoa. Kisha kila mtu akatazwe kusema mpaka ajue mwenzake amesema nini na kwa nini. Mkitaka kucheza kwa Kiruund, chezeni kwa Kiruund, na mkitaka Kiswahili, kiwe kile mnachogombana nacho nyumbani. Mkifanya hivyo, kitabu mwaweza kukiacha.