Balbu ya Taa ya Breki

Gari liliingia gereji, Gerezani jijini Dar, likiwa na valvu mpya na ugonjwa ule ule wa zamani. Mwenye gari, mama wa makamo, alikuwa amebeba ile valvu ya kwanza mkononi, imefungwa kwenye gazeti. Fundi mwingine alimwambia sensa ya VVT imekufa. Akanunua nyingine, ikafungwa, taa ya injini ikazimwa kwa mashine, na kesho yake asubuhi ikawaka tena.

"Shikamoo mama," fundi alisema. "Liache lilale hapa. Nitalipima kesho likiwa baridi."

Nilirudi kesho yake kwa sababu ya neno hilo "likiwa baridi". Mafundi wengi niliowahi kukaa nao hupenda kufungua boneti kabla mteja hajamaliza sentensi.

Kwanza, jina. Huku kwetu kila kitu chenye waya na soketi kinaitwa sensa, lakini hiki hakihisi chochote. Ni valvu ya oili inayosukumwa na koili ya umeme. Kontroli boksi inaipelekea umeme kwa vipande vipande vya haraka, na kadiri vipande hivyo vinavyorefuka ndivyo valvu inavyoelekeza oili upande mmoja au mwingine wa gia ya mbele ya kamshafti. Oili ndiyo inayoizungusha kamshafti mbele kidogo au kuirudisha nyuma, ili valvu za kuingizia hewa zifunguke mapema au zichelewe kulingana na mwendo. Toyota ilianza kuuza mfumo huu, VVT-i, mwaka 1995, na magari mengi ya mtumba tunayoagiza kutoka Japani yanao. Umeme ukikatika, springi huirudisha valvu mahali pake pa mapumziko na kamshafti inabaki imechelewa. Gari halizimi. Linakuwa zito tu mlimani na linakunywa mafuta, na hapo ndipo wenye magari wanapojidanganya kwa miezi.

Mashine ya kupimia ilisoma namba ya hitilafu P0010. Tarakimu moja mbele, P0011, maana yake kamshafti haikufika ilikoamriwa, na mtu angeanza kushuku oili chafu, chujio dogo lililoziba au cheni iliyolegea. Lakini P0010 ni habari ya umeme. Inataja njia nzima, tangu kontroli boksi, waya, soketi hadi koili, bila kusema ni wapi kwenye njia hiyo. Fundi wa kwanza alisoma jina la njia akadhani ni jina la kifaa.

Fundi wetu aligusisha ncha mbili za mita, akasubiri namba itulie: 0.3. Hizo ni nyaya za mita yenyewe. Kisha akapima valvu mpya: 8.3. Akatoa ile 0.3, ikabaki omu 8.0. Kwa injini ya 1NZ-FE, kama hii iliyomo kwenye IST za CC 1500, kitabu kinataka 6.9 hadi 7.9, kwa hiyo mtu mwenye haraka angeishtaki na hii pia. Yeye alinyoosha kidole juu. Kitabu kinasema hivyo kwa nyuzi 20, na Dar asubuhi ile ilikuwa nyuzi 30. Shaba huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 4 kila joto linapopanda nyuzi 10. Kwa hesabu hiyo mwisho unasogea hadi 8.2. Akafungua gazeti, akapima ile ya zamani: 7.9 baada ya kutoa. Mama alikuwa na valvu mbili nzima.

Halafu akawasha injini, akachomoa soketi, akaipa valvu umeme wa betri moja kwa moja kwa sekunde chache. Injini ikatetemeka na kukaribia kuzima. Alicheka kwa kuridhika. Injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kamshafti iliyosogezwa mbele kwa nguvu lazima iivuruge injini, kwa hiyo mtetemeko ule ulikuwa umejibu maswali matatu kwa mpigo: koili inavuta, oili inapita, gia inasogea. Zikabaki nyaya mbili na kontroli boksi.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Alichomoa soketi upande wa kontroli boksi pia, akapima waya mmoja mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mita ikasema zote nzima. Ningekuwa mimi ningekwenda kutafuta kontroli boksi nyingine. Yeye alitoa mfukoni balbu ya taa ya breki iliyolehemiwa nyaya mbili fupi.

Balbu hiyo ni ya wati 21. Kwa volti 12 inavuta karibu ampea 1.75, na koili ya omu 7 ikipewa volti hizo inavuta kiasi hicho hicho. Mita inapopima ukinzani hupitisha umeme mdogo mno. Uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuidanganya. Balbu inadai mzigo kamili. Akapitisha umeme wa betri kwenye kila waya hadi kwenye balbu. Waya wa kwanza uliiwasha nyeupe. Wa pili ukaiwasha nyekundu iliyofifia, kama kaa la jikoni alfajiri.

Akaiacha iwake hivyo, akaanza kuchezesha fungu la nyaya taratibu, shibiri kwa shibiri, macho kwenye balbu. Nyuma ya injini, karibu na kishikizo, balbu ilizima kabisa, ikarudi. Akakata utepe kwa wembe. Ganda la waya lilikuwa na tundu dogo la sindano, na pande zote za tundu hilo shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Zilibaki nyuzi mbili.

Tundu lile lilitobolewa na fundi. Kuna siku mtu alitafuta umeme kwa kuchoma sindano kwenye waya, akaupata au asiupate, akaondoka, na unyevu wenye chumvi wa pwani ukaingia nyuma yake. Ndiyo maana huyu hatoboi. Hupenyeza pini ya fundi cherehani kutoka nyuma ya soketi, kando ya waya, mpaka iguse chuma.

Alikata nyuma hadi alipofikia shaba inayong'aa, akaunga kipande kipya kwa risasi, akavisha mpira unaosinyaa kwa joto, akaacha waya ulegee kidogo penye kona. Kuunga kulichukua robo saa. Kupima kulikula asubuhi nzima, na wateja wetu, nasema kwa uchungu, hulipia robo saa ile na kunung'unikia asubuhi.

Kabla ya kurudisha soketi alirudia balbu. Iliwaka nyeupe, akachezesha fungu lote tena, haikupepesa. Akaizima, akasubiri ipoe, akaifunga kwenye kitambaa na kuirudisha mfuko wa shati. Kisha akamwambia mama arudishe dukani ile valvu mpya ikiwa risiti bado anayo, akachukua spana ya 10 aifungue.